Kamera Yangu Ilimwona Yuko Mbali

Wallahi jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua likiwa bado liko juu. Si ndoto, wala si la kuambiwa. Lakini nianze na maneno ya watu, maana ndiyo yaliyonipa bidii.

Niliporudi kwetu Junda, hapa Kisauni, kutoka kazini Uarabuni nilikuja na diploma ya upigaji picha, niliyoisomea siku zangu za mapumziko wenzangu wakilala, na kamera kuukuu ya chuma isiyotumia hata betri. Nikakopa pesa za kuanzia, watu wakacheka. Kakangu Athmani aliniambia, "Dada, dunia nzima ina simu. Nani atakulipa kwa picha asiyoweza kuiona mpaka wiki ijayo?" Jirani akamjibu, "Muache, hiyo diploma atafungia mandazi."

Hawakujua nilichokijua. Katika arusi zetu, wanawake wakishavua mabuibui, simu haziingii. Hukusanywa mlangoni kwenye kikapu, kwa sababu picha ya simu ikishatoka hairudi. Leo iko kwa shangazi, kesho wanaitazama wanaume wa Changamwe. Filamu yangu haiendi popote. Imekaa tumboni mwa kamera, naisafisha mimi mwanamke kwa mikono yangu, kisha namkabidhi mama wa bibi arusi picha na filamu yake. Nani mwingine Kisauni alikuwa na akili hiyo?

Na kamera yenyewe ni raha. Unavuta kimkono, unasikia filamu ikisogea, unabonyeza, inalia kacha. Mwanga naupima kwa macho. Katikati ya kioo cha kutazamia pana kiduara kinachomkata mtu vipande viwili. Unaizungusha lenzi mpaka vipande vikutane, na pete yake inakuonyesha mtu yuko umbali gani. Haimpambi mtu, haikisii.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa siku ya hina ya Saumu, binti wa Bi Rukia, uani kwao. Nikiiweza, nyumba zote za mtaa zingeniita. Nikiiharibu, nimekwisha. Nilipiga tangu adhuhuri: mabibi wakitaniana, wapaka hina wameinama, Saumu mikono na miguu imejaa hina mbichi. Filamu ilikuwa inakaribia mwisho alipoingia mwanamke nisiyemjua, mrembo, amejifunga leso mpya. Hakuna aliyemkaribisha, wala aliyegeuka kumtazama. Akaketi mkekani ubavuni mwa Saumu, akamshika mkono.

"Nipige na mdogo wangu," akaniambia.

Nikapiga moja, harakaharaka. Alipouinua mkono wake niliona kiganja safi, kikavu, na hina ya Saumu haikuvurugika hata mstari. Hina mbichi, niamini, hata nzi akitua huacha alama. Bi Rukia akamwita kutoka jikoni, "Saumu, utakunywa maji?" Mtoto aliyelelewa kuitika abee hata usingizini, hakuitika.

"Bado moja," yule mwanamke akasema. "Ya pili naondoka naye."

Nilidhani ni utani. Wewe ungedhani nini? Arusini watu husema mengi.

Nikainua kamera, nikamweka kwenye kiduara. Vipande viwili. Nikazungusha lenzi, havikukutana. Saumu, aliyekuwa begani pake, vipande vyake vilikutana mapema, kisha akafifia. Nikaendelea kuzungusha mpaka lenzi ikagota mwisho, pale tunapopigia milima na meli zilizo nje ya bandari. Hapo ndipo uso wa yule mwanamke ulipotulia, kila ukope waziwazi. Ningenyoosha mkono ningemgusa, na kamera inaniambia yuko mbali kuipita Mwakirunge, kule nje ya mji.

Akatabasamu. "Mbona hubonyezi, shoga?"

Kidole kilikuwa tayari. Nikamtazama Saumu, midomo imempauka, macho hayaangalii popote. Ndani ya filamu ile mlikuwa na siku nzima ya Bi Rukia na jina langu lote. Nikavuta kifundo cha kufungulia, mgongo wa kamera ukafunguka, nikaitoa filamu yote nje na kuinyoosha juani. Picha zote zikaliwa na mwanga.

"Umeniweza," akasema, bila hasira. Sikumwona akiinuka. Pale alipoketi palikuwa na mkeka mtupu.

Saumu akapiga chafya. "Abee, mama. Mbona unaniita kutoka mbali hivyo?"

Bi Rukia alikuwa amefika mlangoni, ananitazama mimi na utepe uliokuwa ukining'inia mikononi. "Mwanangu, picha zetu umezifanya nini?"

Nikamwuliza ni nani aliyekuwa ameketi na Saumu. "Kaketi peke yake," akasema. "Nani atamsogelea na hina haijakauka?"

Basi nikawaeleza yote. Bi Mwanakombo, somo aliyekuwa akimfunda Saumu mambo ya ndoa, mwanamke asiyependa mchezo, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua ile filamu akaitia kwenye chetezo cha udi. Ua mzima ukanuka plastiki.

"Picha hupigwa tena, bibi arusi hapatikani tena," akasema. "Weka filamu nyingine. Na safari hii nitakaa mbele, nimepaka wanja."

Tulicheka mpaka machozi, kicheko cha watu waliotua mzigo. Saumu alicheka kuliko sote, hata hina ikaharibika na kupakwa upya.

Aliolewa, mzima, na sasa ana mtoto mtundu. Habari ilifika hadi Likoni, na wanaonialika wanasema wanaitaka kamera inayomjua aliyepo na asiyekuwepo. Nami, sikufichi, sipigi picha hata ya mwanangu kabla sijaisoma pete ya lenzi. Nawe mpiga picha mwenzangu, mgeni asiyejulikana akikuomba umpige na mtu wako, usiwe mwepesi wa kidole. Mpime kwanza. Ukimkuta yuko mbali ilhali amemshika mtu wako, fungua kamera, acha jua liile filamu.

Kazi hazikunikatika tena. Wote walionikopesha niliwarudishia, mmoja mmoja, mlangoni kwao. Wa mwisho alikuwa mama mdogo, aliyeweka rehani bangili zake kwa sonara ili nipate dawa za kusafishia picha. Nilizikomboa, nikampelekea zikiwa ndani ya kitambaa. Alizivaa palepale kizingitini, akaniuliza kama nimekula.