Siku Niliyomhukumu Mwimbaji wa Sengerema

Jambo hili nimelificha miaka, na ningeendelea kulificha kama shemeji yangu Neema asingekuwa analisimulia kila Krismasi, tena kwa kuongeza chumvi na kuiga sauti yangu, kwa hiyo nimeona bora mlisikie kwangu mwenyewe, mwenye aibu yake, kabla halijawafikia likiwa limeota mkia na pembe.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, mitumba, vyama, redio za watu binafsi, na sisi wa Mwanza tukapata na televisheni. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, na mashirika niliyotegemea yaniajiri yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, basi nikarudi Mkuyuni kukaa kwa kaka yangu Doto (mimi ni Shija, yaani niliyefuata baada ya mapacha, Kulwa na Doto, na mtoto anayekuja baada ya watu wawili waliokuja pamoja hukua akitafuta namna ya kusikika). Doto ni fundi wa injini za boti, mtu wa maneno kumi kwa siku. Mimi yale yake yaliyobaki nilikuwa nayatumia.

Kila Jumapili saa kumi jioni kulikuwa na mashindano ya kuimba, ya kituo cha pale pale Mwanza. Bwana Jayanti, mwenye duka la jumla pale karibu na soko, alikuwa akiweka televisheni yake juu ya magunia ya sukari, anaacha mlango wazi, na sisi tunajaa barazani hadi barabarani. Hapo ndipo nilipojipa cheo. Waamuzi wa kwenye televisheni walikuwa watatu, wa nne nilikuwa mimi. Huyu anaimba puani, yule amekariri, huyu analia ili apewe alama, na wote kwa pamoja (hii ndiyo ilikuwa hoja yangu kubwa) wamepangwa, mshindi anajulikana tangu mwanzo, ninyi mnadanganywa. Watu walicheka, nami nikadhani kuchekwa ni kukubaliwa.

"Shija," Bwana Jayanti aliniambia siku moja, "bila televisheni yangu wewe ungekufa, maneno yangekuoza tumboni."

Sasa, Doto alikuwa amempata Neema, binti wa Sengerema aliyekuja Mkuyuni kujifunza ushonaji. Walipendana kimyakimya kwa miaka miwili, na baada ya Neema kurudi kwao ikabidi tupeleke posa. Lakini baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa na sifa moja iliyotutisha: alikwisha kuwarudisha wachumba wawili, mmoja kwa sababu wajumbe wake walikuja wamelewa, na mwingine kwa sababu ambayo wakati ule hakuna aliyeijua. Doto alikonda. Kwa desturi yeye haendi, huenda wazee, kwa hiyo akawaachia maisha yake baba mdogo Lukasi, ambaye ndiye angesema, na shangazi yetu Kabula. Mimi nilipewa kazi moja tu, ya kubeba kreti ya soda na kunyamaza.

"Na kunyamaza," alirudia Doto, akinishika bega. Hayo yalikuwa maneno yake yote ya asubuhi ile.

Tulifika kivukoni Kigongo mapema tu, lakini foleni ya malori ilikuwa ndefu na kivuko kimoja kibovu, na pikapu tuliyokodi ikawa ya mwisho kabisa nyuma ya malori ya pamba. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Mimi nikaanza kuangalia saa, si kwa ajili ya posa (Mungu anisamehe), bali kwa ajili ya mashindano ya saa kumi, maana ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimesikia kwa Neema kwamba kwao kuna televisheni inayotumia betri ya gari. Nikamwambia baba mdogo: "Watembea kwa miguu wanavuka upesi, nitangulie niwape taarifa kwamba tumekwama, wasije wakadhani tumewadharau." Ilisikika kama busara. Baba mdogo akakubali, ila shangazi Kabula akanitazama na kusema, "Huyu kumtanguliza ni kama kutanguliza moshi kabla ya moto."

Nikavuka, nikadandia lori la pamba pale Busisi, ng'ambo, na saa kumi kasorobo nikawa nabisha hodi Sengerema, na pamba kichwani kama mzee wa miaka tisini.

Nilipokelewa na mzee mmoja mchangamfu, Mzee Malimi, kaka mkubwa wa baba yake Neema, ambaye ndiye angekuwa msemaji wao. Sebule ilikuwa imejaa majirani. Nikatoa taarifa yangu ya kivuko, akasema hakuna shida, safari ni safari, akaniketisha kiti cha mbele kabisa, mbele ya televisheni ndogo isiyo na rangi. Nje ya dirisha, ambalo lilikuwa wazi, alisimama mzee wa sweta lililotoboka viwikoni na mabuti ya mvua, ameshika nguzo ndefu ya antena. Nikamwamkia kupitia dirishani, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba, karibu," nami nikageukia zangu kwenye chenga za televisheni. Sikuuliza ni nani. Mtu ambaye kwa miaka mitatu chuoni hakuacha mhadhara hata mmoja upite bila swali, siku ile hakuuliza.

Kipindi kikaanza. Wa kwanza alikuwa kijana wa miwani myeusi aliyeongea haraka haraka kwa Kiingereza cha puani. Nikajizuia, nikajizuia, halafu nikasema polepole kwa jirani yangu, "Huyu hata yeye haelewi anachosema." Jirani akacheka. Basi, nikaonja. Wa pili alikuwa dada wa kanisani aliyefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho, nikasema anaogopa kutuona tunavyomwona, na hapo sebule nzima ikacheka, na Mzee Malimi akasogeza kiti karibu na kusema, "Endelea, mwanangu, tunakusikia."

Halafu akaja wa tatu, mzee. Jina lake lilimezwa na chenga. Alivaa suti kubwa, miwani mikubwa, nywele zimepakwa mafuta zikalala, na akaimba wimbo wa kutunga mwenyewe juu ya mama anayetwanga mtama alfajiri.

"Suti hiyo ni ya marehemu," nilisema.

Picha ikatikisika.

"Mzee! Kushoto kidogo!" nikapaza sauti dirishani. "Hapo! Usiiachie!" Picha ikarudi. "Sasa msikilizeni, ubeti wa pili ameanzia juu mno, angalieni anavyoiparamia hiyo sauti, kama mwizi anapanda mti wa watu na mbwa wako chini!"

Picha ikatikisika tena. Nikalaumu upepo wa ziwani. Nyuma ya pazia la korido mtu akaanza kukohoa, kikohozi kikali, mara tatu, mara nne. Nikasema, kwa huruma kabisa, "Huyo ndugu apewe tangawizi." Kikohozi kikazidi.

"Na wewe unadhani kwa nini amepitishwa hadi hapa?" aliuliza Mzee Malimi, uso wake mtulivu kama maji ya asubuhi.

"Mzee wangu, mambo haya yamepangwa. Huyu lazima ana mtoto wake kazini pale kituoni. Umri ule, sauti ile, bila mkono wa mtu?" Picha ikapotea kabisa. "Mzee wa antena! Umelala?"

Ilirudi kwenye ubeti wa mwisho. Na hapo nitasema ukweli. Yule mzee alishusha sauti, akaishusha mpaka ikawa karibu ni maneno tu, akieleza jinsi mchi ulivyonyamaza siku mama alipokufa na watoto wakaamka wenyewe kwa sababu ya kimya, na mimi nikamkumbuka mama yetu, na kwa kuwa nilikuwa mbele za watu na nimekwisha kuwa mchekeshaji, nikakohoa na kusema, "Angalau amemaliza."

Waamuzi wakamtoa. Nikapiga makofi, tena nikasimama. "Haki imetendeka!" Ndipo nikagundua ninapiga peke yangu. Na mtangazaji, safari hii bila chenga yoyote, akasema: "Tunamshukuru sana Mwalimu Petro Ndalahwa, kutoka Sengerema."

"Ndalahwa?" nikasema. "Si ndiye baba yake Neema..."

"Ndiye," alisema Mzee Malimi.

Mnajua, hata hapo nilipata nafuu. Nilifikiri haraka: yupo jukwaani Mwanza, sasa hivi, namwona kwa macho yangu, hawezi kuwa amesikia. Nikashusha sauti: "Jamani, nawaombeni, akirudi toka Mwanza asiambiwe."

"Nani yupo Mwanza?" iliuliza sauti ya dirishani.

Yule mzee wa sweta alikuwa ameegemeza viwiko vyake dirishani. Nikamtazama, nikaitazama televisheni, nikamtazama tena. Mvueni miwani, mvueni suti, mpeni mabuti: ni yuleyule.

"Walituchukua picha wiki mbili zilizopita," alisema kwa upole, kama anamfundisha mtoto wa darasa la pili. "Wanaweka kwenye kanda, wanaonyesha baadaye. Hukufundishwa huko chuoni?"

Mimi, niliyewaambia watu wa Mkuyuni kila Jumapili kwamba wanadanganywa na televisheni, niliamini kwamba kila kinachoonekana mle kinatokea muda uleule.

Kama vile hiyo haikutosha, honi ikalia uani. Pikapu yetu. Baba mdogo Lukasi akaingia na koti lake, shangazi Kabula na kitenge kipya, wakaamkia, wakaketi, Mwalimu naye akaingia, akavua mabuti na kuketi kimya pembeni kama desturi inavyotaka, na baba mdogo, asiyejua lolote, akaanza hotuba yake aliyoifanyia mazoezi wiki nzima: kwamba tumepita njia tukaona ua zuri katika nyumba hii.

"Tunashukuru," alijibu Mzee Malimi. "Mjumbe wenu alitangulia. Amesema mengi."

Baba mdogo akageuka kunitazama. Shangazi Kabula hakuhangaika hata kugeuka, akafumba macho tu.

Ikasimuliwa yote, mbele yao, na majirani wakisaidia pale Mzee Malimi aliposahau. Ilipofika kwenye mwizi na mbwa, baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa tai. Nikamwona Doto, kule nyumbani, anasubiri. Nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Sikumaanisha. Ulikuwa umeimba vizuri sana, tena kuliko wote, ni spika ya televisheni ndiyo mbovu, na waamuzi wale hawajui muziki, umeonewa..."

"Inuka," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza nikasikia hasira. "Dakika kumi zilizopita haki ilikuwa imetendeka. Sasa nimeonewa. Nichukue lipi? Yule mchumba wa pili nilimrudisha kwa sababu hiyo hiyo, wajumbe wake walinisifia mpaka mbuzi wangu. Kama mdogo mtu anageuka hivi kwa kuogopa, huyo kaka yake, siku binti yangu atakapoumwa na pesa hakuna, atageukaje?"

 Baba mdogo akalegeza tai yake.

"Nitakuuliza mara moja," Mwalimu aliendelea. "Niliimbaje?"

Nikajua kwamba ndoa ya Doto imekalia ulimi wangu, ulimi uleule. Nikasimama. 

"Ubeti wa pili ulianzia juu mno," nilisema. "Hilo ni kweli, baba, na hata ungenifukuza ni kweli. Suti ilikuwa kubwa. Habari ya kupangwa nilibuni, sina ushahidi wowote. Na ubeti wa mwisho..." Nikakwama. "Ubeti wa mwisho ulinifanya nimkumbuke mama, nikaona haya kulia mbele za watu, ndiyo maana nikasema umemaliza. Sijawahi kusikia mtu akiimba vile."

 Mwalimu akatoa leso, akafuta miwani aliyokuwa nayo mfukoni, akaivaa.

"Wiki mbili nzima," aliwaambia ndugu zake, "ninyi mnaniambia nimeonewa. Nilikuwa na mafua, nikaogopa sauti itazama, nikaanzia juu. Nilijua. Hakuna aliyeniambia." Halafu akanigeukia. "Suti ni ya kaka Malimi. Na bado yupo hai, anakusikia."

Nyuma ya pazia kikohozi kiligeuka kicheko, kicheko cha Neema, ambaye kwa desturi hakutakiwa kuonekana wala kusikika mpaka aitwe, na mama yake akacheka naye, na Mzee Malimi aliyekuwa amejibana tangu saa kumi akacheka mpaka akashika ubao wa dirisha.

Posa ilipokelewa. Tukapigwa faini ya mbuzi jike mmoja kwa kosa la mdomo, aletwe na mkosaji mwenyewe, na Jumapili iliyofuata nikavuka Kigongo nikiwa nimemshika mbuzi huyo kamba, naye akilia kivukoni safari nzima, na kila abiria akitaka kujua nampeleka wapi na kwa nini.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba sitatoa maoni juu ya mwimbaji yeyote kabla sijauliza ana mabinti wangapi, na katika ukoo wetu ni nani bado hajaoa. Na usiku ule tuliporudi kutoka Sengerema, kiapo kilikuwa bado kibichi. Baba mdogo alimsimulia Doto kila kitu, na Doto alisikiliza huku anakula, halafu akasukuma sahani, akaninawisha mikono yeye mwenyewe (jambo ambalo hajawahi kulifanya, maana mimi ndiye mdogo), akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule, na akaniuliza:

"Sasa niambie ukweli, Shija. Mkwe wangu anaimbaje?"

"Nenda kamsikilize mwenyewe," nikasema, nikaenda kulala.