Maini ya Mujomba

Mimi ni muntu wa kufuata karatasi, sikatai. Muniambie kwanza fanya hiki, kisha kile, nami nalala vizuri. Njo maana nilikuwa mukaguzi wa nyama kule Ngungu. Leo niko Walikale, wananiletea nyama ya pori iliyokwisha kukaushwa kwa moshi, nikague nini tena? Naikumbuka Ngungu mpaka roho inaniuma. Asubuhi ukungu haujaondoka kwenye malisho, wachinjaji wananitania: "Bwana Karatasi amefika, ficheni visu."

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unaangalia ng'ombe akiwa hai: macho, pua, na namna anavyotembea. Akishachinjwa, unaangalia nyama pamoja na mapafu, moyo na maini yake. Kimoja kikikosekana hupigi muhuri, na nyama inazikwa.

Dada yangu alipoolewa, papa yetu alichinja fahali nyumbani, kule mulimani juu ya Ngungu. Aliniita nije na muhuri wangu, tena kwa kujivuna, wakwe waone. Matope ya barabara yakanichelewesha. Kufika, nikakuta kila kitu kimepangwa juu ya majani ya mugomba, isipokuwa maini. Kwetu maini ya ng'ombe wa ndoa ni ya mujomba, na mujomba hangojeshwi. Alikuwa ameketi karibu na moto, anapangusa midomo.

"Yalikuwa laini kabisa," akaniambia.

Papa akanivuta pembeni. "Mutoto wangu, watu wote hawa wameshafika. Piga tu."

"Papa, ng'ombe sikumuona akiwa hai, na maini sikuyaona."

"Mujomba wako ameyala na iko muzima. Unataka ushahidi gani tena?"

Waliosikia walicheka, hata mimi nusura nicheke. Lakini sikupiga. Wageni walikula maharagi na viazi. Fahali aliingia shimoni, na papa mwenyewe ndiye aliyeshika jembe.

Toka siku ile hakunisemesha. Nikienda kumusalimia, anageuza uso. Nikituma sukari, inarudi. Wenzangu kazini walinisifu, nami sifa zao zilinichukiza. Niliogopa kwamba nimemupoteza papa kwa ajili ya karatasi, na sikujua pa kuanzia kumurudisha.

Mwaka ukapita hivyo. Siku moja nikamuona mulangoni pa machinjio yetu, suruali imelowa umande mpaka magotini, anashika kamba ya ng'ombe. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Dada yako amezaa," akasema, bila salamu. "Ng'ombe wa karamu nimemuleta angali hai. Umukague mbele, njo tuchinje."

Nilianza na macho, nikaenda kwenye pua. Nilipofika kwenye mwendo sikuweza kuona kitu, machozi yalikuwa yamenijaa. Papa aliniangalia kidogo. Kisha akamugeuza ng'ombe, akamutembeza tena mbele yangu, polepole, mpaka nikamaliza.