Saa Yangu Iliyosimama Katikati ya Pambio

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea, nimeishia darasa la saba na naandika polepole, na jambo lenyewe ni la aibu kiasi kwamba mpaka leo nikikutana na mwanakwaya yeyote natazama chini.

Mimi nabeba mbao hapa Makambako. Rafiki yangu Ombeni ndiye aliyenionyesha ile saa kwenye simu yake, ikitangazwa kuwa ni nakala ya saa za matajiri, ambayo ile halisi unaweza kuuza shamba zima la miti na usiipate, lakini nakala bei yake ilikuwa kama jogoo wawili. Ilikuja na basi, imefungwa ndani ya soksi (soksi moja, ya pili sijui aliivaa nani). Kilichonivutia si ile rangi ya dhahabu. Ndani ya uso wake kulikuwa na visaa vingine vitatu vidogo, kila kimoja na mishale yake, na pembeni vitufe viwili, juu na chini ya kile cha kurekebishia majira. Nikibonyeza, kitufe kinalia tik, lakini visaa havitembei. Nikajua kosa ni langu, vitu kama hivi vina masomo yake, basi kila jioni nikawa nabonyeza na kutazama, natamani kujua vinahesabu nini.

Ikafika siku ya mashindano ya kwaya kule Njombe. Mama mdogo Aneth, aliyenilea, ndiye kiongozi wa kwaya ya kwetu, na mshindi alikuwa apewe kinanda. Mama mdogo alishahamisha magunia ya mahindi chumbani kwake ili kinanda kipate pa kukaa. Sheria ilikuwa dakika saba kwa kila kwaya, na ikibaki moja mtunza muda anagonga kengele, ndipo wamalizie.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu ya mzee wa kanisa iliyokuwa itumike kuhesabu muda ikazima. Mzee akatazama huku na huku, nami pamoja na baridi ile nilikuwa nimekunja mkono wa koti makusudi ili saa ionekane.

"Kijana, hiyo saa yako inahesabu mpaka sekunde?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Watu wote walikuwa wamenigeukia, nikaona kusema sijui kutaleta maswali mengine, nikajibu, "Inahesabu, mzee."

Nikakalishwa mbele, kengele mkononi. Kwaya ya kwanza ilikuwa ya kwetu. Walipoanza nikabonyeza kitufe cha juu, tik tu, nikabonyeza cha chini, tik tu, nikaona labda ni kile cha katikati cha kurekebishia majira, nikakivuta. Nikatulia kusubiri kisaa kimoja kitembee, kumbe nimesimamisha saa nzima, na mimi macho yangu yako kwenye vile visaa.

Wakamaliza beti zote. Kengele hakuna. Mama mdogo akawapa ishara warudie pambio, wakarudia, watu wakasimama na kucheza nao, ikapendeza kweli. Wakarudia tena. Watu wakaketi. Wakarudia, mpiga ngoma akabadilisha mkono, watoto wakatoka nje, mama mdogo ananikazia macho na mimi natazama saa, naona muda bado upo mwingi.

Mwishowe mzee akaja akanishika mkono. "Hawa wameanza saa ngapi?"

"Saa nne na robo, mzee."

"Na sasa?"

Nikatazama vizuri. "Saa nne na robo."

Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji alifunika uso kwa kitabu. Mzee akavaa miwani, akasogeza saa karibu na dirisha. "Mwanangu, hivi vidogo vimechorwa."

Kwaya yetu ikapewa nafasi ya kurudia mwishoni, lakini sauti zilikuwa zimekwisha, mama mdogo alitoa mlio kama wa mlango. Kinanda kikaenda kwa wengine. Nilipotoka akaniita kwa ile sauti iliyobaki.

"Baba, saa ngapi?"

Nikauficha mkono mfukoni.

"Lete hiyo."

Nikaivua, nikampa. Sasa anaivaa yeye kwenye mazoezi, na mtu akiomba kwenda nyumbani anamwonyesha: bado ni saa nne na robo, imbeni. Magunia ya mahindi yamerudi mahali pake. Anasema mwaka kesho atayatoa tena.

Mimi nimeapa kwamba nikiulizwa kitu nisichokijua nitasema sijui, hata kama ni mbele ya kanisa lote. Ila kuna jambo bado linanisumbua. Aliyechora vile vimishale alivichora vizuri mno, vyembamba hivi kwamba hata ukichora kwa unywele usingeviweza, na najiuliza kama naye aliwahi kuviona vikitembea. Kama kuna msomaji amewahi kushika ile saa halisi, tafadhali aniandikie anieleze vile visaa vitatu vinahesabu nini. Hata barua fupi inatosha, nitaisoma polepole.