Asali Puani Siku ya Nikaha

Msinicheke kabla sijamaliza, maana mkianza sasa mtakosa pumzi pale mbele. Haya ninayowasimulia hakunifanyia adui, niliyafanya mwenyewe kwa vidole vyangu, na walioyaona ni shehe, mashahidi na nusu ya mtaa wa Kikwajuni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, mimi ni fundi wa kushona kanzu karibu na Darajani, na pua yangu haitaki vumbi la kitambaa, haitaki asmini, haitaki udi, yaani kila kitu ambacho Mzanzibari mwenye heshima zake hukinusa kwa raha, mimi kilinipeleka chafya mfululizo, macho mekundu na makamasi kama mfereji uliosahauliwa. Ubovu ni wa pua tu, kifua changu ni kizima. Lakini watu wana midomo. Nilipopeleka posa kwa Mzee Khamis, baba yake Zuhura, alikubali, kisha akasikia maneno, akamwita shangazi yangu Bi Mize na kumwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu simpi mtu mwenye maradhi ya kifua. Siku ya nikaha ntamtazama mwenyewe. Nkiona dalili, tutakula halua, kila mtu atakwenda kwao."

Na mimi Zuhura nilimpenda, nasema wazi, mpaka nikawa nashona mikono ya kanzu za watu kinyume kwa kumfikiria.

Bi Mize akaniletea chupa ya asali kutoka kwao Bwejuu, pamoja na kipande cha sega. "Nyuki keshaonja maua yote ya Unguja hii," akaniambia. "Wewe ule alichokusanya, kidogo kidogo, pua itazoea. Kijiko kimoja kila asubuhi, na sega ulitafune. Uanze leo, usingoje harusi, si dawa ya kichwa hiyo, umeze upoe papo hapo."

Nikamwambia naam, shangazi. Asali nikaila na mkate (sukari wakati huo ilikuwa ya foleni), na nilipokumbuka kwamba ile ilikuwa dawa, nikaha ilikuwa ni siku hiyo hiyo alasiri na chupani imebaki ya kufunika kitako tu.

Hapo ndipo nilipotumia maarifa. Asali ukiila lazima ishuke tumboni, kisha itafute njia ya kupanda puani, safari ya wiki nyingi hiyo, sasa kwa nini nisiifikishe mwenyewe? Nikachovya pamba, nikapaka ndani ya mianzi yote miwili ya pua, tena bila uchoyo, halafu ili isimwagike nikalainisha nta ya lile sega nikaziba. Nikanusa asmini, hakuna kitu. Nikanusa viatu vyangu, hakuna kitu. Nikavaa joho nikaenda kuoa, nimeachama kwa kupumulia mdomo, na kila aliyeniona njiani alidhani ni furaha.

Nilichosahau ni kwamba kwetu bwana harusi hafukizwi kwa mbali. Tumekaa mkekani, ami yake Zuhura akaja na chetezo, makaa mekundu, udi wa kweli, akanifunika joho kichwani na kukiingiza chini ya kidevu changu. Akakaa nacho. Mtu mkarimu sana. Udi sikuusikia hata kidogo, lakini joto nililisikia, na nta nayo ililisikia.

Nilipofunuliwa, Mzee Khamis ameshanishika mkono wa kulia kama inavyotakiwa, shehe ameanza hotuba, na kitu kizito cha rangi ya manjano kinateremka taratibu kuelekea mdomo wangu. Mkono wa kushoto ulikuwa huru, lakini niliogopa kuunyanyua, maana kujifuta pua ndiyo ingekuwa ile dalili yenyewe.

Shehe akanyamaza katikati ya neno.

"Bwana harusi," Mzee Khamis akaniuliza, "unatokwa na nini?"

"Asali, baba."

"Asali."

"Naam. Ya Bwejuu."

Nikaona haniamini, na kwa kuwa sikuwa na ushahidi mwingine, nikatoa ulimi nikalamba. Nyuma yangu mtu akasema lahaula. Mwengine akainuka, akavaa makubadhi, akaenda zake. Nilijua hapo kwamba Zuhura nimeshamkosa, nikataka kulia, lakini hata kulia kunahitaji pua.

Mara nta ya upande wa pili ikalegea, udi wote wa chumba kile ukaniingia kwa mpigo, nikaenda chafya moja iliyozima maneno ya watu, na kidonge cha nta kikaruka kikatua kwenye goti la Mzee Khamis. Akakiokota. Akakiminya, akakinusa, akamsogezea shehe, naye akakinusa.

"Nta," alisema shehe.

"Nta," alikubali Mzee Khamis, akanigeukia. "Mwenye kifua hatokwi na nta. Basi huyu kifua chake kizima, kilichomharibikia ni akili, na akili sikuiweka katika masharti. Shehe, endelea."

Nikaoa. Mashahidi waliniomba nirudie "nimekubali", kwa sababu ya kwanza ilimezwa na chafya. Zuhura aliyasikia yote kutoka chumbani, na nilipoingia kumpa mkono, kitu cha kwanza aliniinua kidevu akachungulia puani.

Mtaani waliniita Mzinga, na wengine hawajaacha. Asali siwakatazi, ina baraka zake. Ila nimeapa kwamba cha kuliwa hakitaniingia tena mwilini isipokuwa kwa mlango wake, na kijiko changu nakilamba kila asubuhi, Zuhura amesimama mbele yangu anahakikisha kinakwenda wapi.