Koki ya Nyuma ya Mashine

Nimewahi kumtangaza mgonjwa kuwa amekufa wakati hana hata mafua.

Mgonjwa mwenyewe ni mashine ya kuoshea vyombo. Mwenye mgonjwa ni mama mkwe wangu.

Mnaotaka kucheka, chekeni mapema. Mbele huko hapachekeshi.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme. Shule niliiacha njiani, bisibisi ndiyo kalamu yangu. Mtaani wananiita Fundi Imekufa, maana ndilo neno langu. Niletee feni, pasi, blenda, nitafungua, nitatikisa kichwa, nitasema, "Hii imekufa. Niachie nikutupie."

Ukigeuka tu, natoa vipuri vizima, nauza.

Mke wangu alichoka kutukanwa sokoni kwa ajili yangu. Akarudi kwa mama yake. Mlangoni aliniachia maneno haya tu: "Siku utakayomwambia mtu ukweli usiokulipa, niite."

Nikasema huyu atarudi mwenyewe, ataenda wapi?

Hakurudi. Nikawa nakula mkate mkavu nimesimama, kama mlinzi.

Asubuhi moja mama mkwe akanipigia simu.

"Mkwe wangu, mashine yangu inanguruma kidogo, halafu inanyamaza. Njoo uitazame."

Mashine ile aliachiwa na familia aliyoifanyia kazi za jikoni kwa miaka mingi, walipohama. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Kusugua sufuria kwake ni adhabu.

Nikavaa shati safi. Moyoni nilijua kilichonipeleka si mashine. Nilitaka kumwona mke wangu.

"Mwenzako katoka kidogo," akaniambia mama mkwe baada ya salamu.

Jikoni palikuwa na sufuria inachemka, kubwa kuliko njaa ya mtu mmoja. Karibu na mlango kulikuwa na begi lililofungwa zipu. Sikuuliza. Nilidhani ni nguo za kufua.

Nikaivuta mashine, nikachungulia nyuma.

Koki ya maji, pale ukutani, ilikuwa imefungwa.

Basi. Hapakuwa na ugonjwa mwingine. Ni kuizungusha tu, maji yapite, mtu anawe mikono akale.

Simu ikalia. Mwenye mgahawa, niliyemwahidi pampu ya mashine yake ya vyombo.

"Fundi, pampu yangu iko wapi? Vyombo vichafu vimefika mlangoni! Kama huna sema, nimtafute mwingine!"

Mashine yake na ya mama mkwe ni pacha.

Shetani hakuhangaika hata kunishawishi. Alinikuta nimeshasimama kizingitini, namsubiri.

Nikatikisa kichwa. "Mama, hii imekufa."

Akauliza, "Umeangalia vizuri, mwanangu?"

"Vizuri kabisa."

"Na nyuma?"

"Kila mahali, Mama."

"Wakati mwingine huwa ni kitu kidogo tu. Hebu tazama tena."

Sikuweza kumtazama usoni. Heshima ya ukwe ina faida zake: ukiinamisha macho, watu wanadhani ni adabu.

"Mota imeungua, Mama. Nitaibeba nikutupie."

Nyuma ya pazia la chumbani mtu akakohoa.

"Paka huyo," akasema mama mkwe, haraka.

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka. Mimi nilikuwa nishainamia mashine, naitafutia pa kushika.

"Hata kula hukai?"

"Siku nyingine, Mama."

Nikaibeba, nikaing'oa pampu, ikaingia kwenye mashine ya mgahawa, ikakubali hapohapo. Mwenye mgahawa akanipigapiga bega. Kabla sijapangusa mikono, simu.

"Mkwe, kuna kitu umekisahau."

Nikarudi mbio, nikidhani ni koleo langu.

Jikoni, palipokuwa na mashine, pamebaki alama ya mraba sakafuni, na juu yake ndoo. Mama mkwe akainama. Akaishika ile koki kwa vidole vyake vilivyopinda, akaizungusha kwa taabu, uso umekunjamana.

Maji yakaruka ndooni.

"Niliifunga mwenyewe asubuhi," akasema. "Nilimwambia mwanangu, mumeo si mwizi, hayo ni maneno ya watu. Kaa humo chumbani usikie mwenyewe. Nikatafuta kosa dogo kuliko yote, lisije likakushinda."

Akaifunga tena koki.

"Nilikufungulia mlango, baba. Wewe ukapita dirishani."

Afadhali angenitukana. Afadhali angenimwagia ile ndoo.

Mke wangu akatoka nyuma ya pazia. Hakunitazama. Akalichukua lile begi karibu na mlango, lililokuwa tayari kurudi nami nyumbani, akaingia nalo chumbani.

Nikasikia zipu ikifunguliwa.

Nikaenda kwa mwenye mgahawa, nikamwomba anirudishie pampu.

"Umerogwa? Si nimeshakulipa?"

"Chukua hela yako. Ile pampu ina mwenyewe."

"Na vyombo vyangu ataviosha nani, babu yako?"

Niliviosha mimi. Kwa mikono, mpaka nilipompatia pampu nyingine. Wateja wangu walikuwa wanakuja kula, wananichungulia dirishani. "Fundi Imekufa, leo umefufukia huku?" Niliinamisha kichwa kwenye povu.

Mashine nikairudisha, nikaifunga mahali pake. Mama mkwe akaisikiliza ikivuma.

"Imepona," akasema.

Chakula hakunikaribisha.

Tangu hapo kila Jumapili nakwenda kuitazama. Juzi nilipochungulia nyuma, mama mkwe akauliza, "Ina nini leo?"

"Haina kitu, Mama. Nzima kabisa. Nimekuja bure."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Safari hii mama mkwe hakusema ni paka. Wala mimi sikuthubutu kulifunua lile pazia. Nilibeba mkoba wangu wa vifaa, nikaaga, nikaenda zangu.

Ndugu zangu, ukitaka kumjua fundi, usimwite siku kitu chako kimeharibika. Mwite siku ni kizima.

Mimi niliitwa.