Mama Aliyemtafuta Mwanawe Kwenye Mafunjo

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Ningekuwa natunga, ningejiweka mahali pazuri kuliko hapa nilipo. Nani anatunga uongo wa kujiaibisha? Mke wangu amenisihi ninyamaze, lakini nimenyamaza miaka miwili na sioni kama kumenisaidia.

Nilikuwa mwongoza watalii. Nilisomea kazi hiyo, nikarudi nyumbani Nyegezi, Mwanza, nikaanza kupeleka watu kwenye kisiwa kimoja cha ziwani, upande wa Sengerema. Jina lake naliacha, sitaki mtu aende huko kwa sababu yangu. Ni kisiwa kidogo, lakini kina msitu mnene wa asili, miti mirefu iliyoshikana huko juu kiasi kwamba hata saa sita mchana unatembea kwenye giza la kijani. Kuna kasuku, kuna mbega, kuna fisi maji wanaocheza kwenye mawe. Upande wa kusini kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo, na humo ndimo anamoishi nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matope.

Shida ya nzohe ni kwamba haonekani. Akisikia mtu, anazama majini anabakiza pua tu. Wageni wanatembea kwa saa tatu, wanaona nyayo, wanarudi Mwanza wamenuna na kuandika mtandaoni kwamba nimewadanganya. Maneno hayo yaliniuma sana. Nilijiona mtu msomi anayedharauliwa na watu wasiojua hata tofauti ya nzohe na mbuzi.

Siku moja, nikitafuta njia mpya kinamasini, nikamkuta mtoto wa nzohe amelala juu ya mafunjo yaliyolazwa kama mkeka. Mama zao huwaficha hivyo wakienda kula. Alikuwa mdogo, masikio makubwa kuliko uso. Sijui nianzeje ili unielewe, kwa hiyo nitasema tu nilichofanya. Nilimbeba, nikamfunga kamba mguuni, nikaifunga ile kamba kwenye mti pembeni ya uwazi, mahali ambapo mtu anaona vizuri. Nilijua mama yake atakuja.

Akaja. Wageni wa kesho yake walimkuta amesimama hatua kama thelathini kutoka kwetu, anatutazama, hakimbii. Mtoto nilikuwa nimemfunika kwa majani pamoja na kamba yake. Dada mmoja alinishika mkono akasema hajawahi kuona mnyama mtulivu namna ile.

Aliyeiona kamba ni Mzee Malima, Mjita mmoja mtu mzima aliyekuwa akituendesha kwa mtumbwi wake wa injini. Hakunigombeza. Alisubiri wageni wapande, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mfungue yule mtoto, mwalimu." Aliniita mwalimu kwa kuwa nilisoma. Nikamwambia nitamfungua kesho. Kesho walikuja wanafunzi wa chuo. Keshokutwa ikaja dhoruba, ziwa likachafuka siku mbili, hakuna chombo kilichotoka mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Nilikaa nyumbani nikiangalia mvua, na niamini, nilijua kabisa kinachotokea kule. Uwazi ule uko bondeni. Maji yakipanda, mtoto hana kamba ndefu ya kumfikisha mahali pakavu.

Nilimkuta hivyo, amekufa maji. Nikamfukia kwenye matope, nikamwambia Mzee Malima nimemfungua, amekimbia na mama yake. Akasema, Mungu akubariki.

Wiki iliyofuata nilikuwa na wageni wawili, mume na mke, walimu kutoka Bukoba. Nikawaacha ufukweni wanakula pamoja na Mzee Malima, nikatangulia kuangalia kama njia inapitika. Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilipofika kwenye uwazi nikamkuta mwanamke amesimama kwenye maji ya magoti.

Mtu mzima, mrefu, mwembamba, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo kilicholowa hadi kifuani. Kisiwa hakina nyumba hata moja, lakini wanawake huvuka wakati mwingine kuja kukata mafunjo ya mikeka, kwa hiyo sikushtuka. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Alisema, "Namtafuta mwanangu. Nilimlaza hapa."

Nikaogopa kwa sababu ya kawaida tu, nilidhani kuna mtoto wa watu amezama. Nikamuuliza ana umri gani, amevaa nini, nikamwambia nina wenzangu ufukweni, tutasaidiana kutafuta. Inzi mmoja akatua shingoni kwake, na ngozi ya shingo ikatetemeka yenyewe, pale pale alipotua inzi, kama ngozi ya ng'ombe. Umewahi kumwona binadamu akifanya hivyo? Mikono haikuinuka. Macho hayakupepesa. Hapo ndipo nikasikia harufu ya manyoya yaliyolowa.

"Alifungwa kwenye mti huu," akasema. "Nani alimfunga?"

Sasa nisikilize vizuri, maana haya ndiyo niliyokuja kuyasema. Hakunitisha. Hakuinua sauti. Aliuliza kama mama yeyote anavyouliza, na uso wake ulikuwa umechoka. Ningeweza kusema ni mimi. Ningeweza hata kukimbia. Badala yake mdomo wangu ukafunguka, ukasema, "Ni Malima. Yule mwenye mtumbwi."

Akalirudia lile jina taratibu, kama mtu anayelishika asilisahau. Kisha akatoka majini, akaingia kwenye mafunjo, na mafunjo hayakutikisika. Pale alipokanyaga kwenye tope kulikuwa na alama za kwato, mbili mbili, ndefu, zimetanuka.

Nikarudi ufukweni, nikawaambia wageni njia imejaa maji. Mzee Malima alikuwa amenibakizia samaki. Nikala.

Mzee huyo anaishi jirani na mwalo, na mjukuu wake wa kike, Neema, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano. Kuanzia wiki ile, kila alfajiri mzee alikuta nyayo za nzohe zimeizunguka nyumba yake na kuishia chini ya dirisha la chumba anacholala mtoto. Mbwa hawabweki. Majirani walimcheka, wakasema mnyama amefuata mchicha. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nimesomea mambo ya wanyama. Nikamjibu kwamba huenda maji yamepanda sana huko kinamasini, mnyama ataondoka mwenyewe. Niliona macho yake yameingia ndani kwa kukosa usingizi, na bado nilimjibu hivyo. Miezi miwili.

Kisha asubuhi moja Neema hakuwepo kitandani. Walimkuta kwenye mafunjo ya ufukweni, amesimama, maji yamemfika kiunoni, hana hata mkwaruzo. Alisema kuna mama alimshika mkono, akamtazama sana usoni, akamwachia.

Niliposikia hivyo nilikwenda. Nilimkuta Mzee Malima amekaa mlangoni, mtoto amelala mapajani pake. Nikamweleza yote, kamba, dhoruba, matope, na jina nililolitaja. Sikuweza kumtazama. Aliendelea kumfukuzia mjukuu wake inzi. Nilitamani anipige.

"Miezi miwili," akasema, "nimekuwa nikimwomba Mungu anionyeshe kosa langu."

Alimpeleka mtoto kwa jirani, akachukua tangi la mafuta, akaniambia nipande. Kisiwani hakushuka. Alisema, "Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nikaenda peke yangu hadi kwenye uwazi. Nikasimama majini, nikasema jina langu lote na jina la baba yangu, nikaeleza nyumba yangu iko wapi Nyegezi, nikaonyesha mahali nilipomfukia mtoto. Nikasema Malima hakufanya kitu. Hakuna aliyenijibu. Kasuku walipita juu wakipiga kelele, basi.

Tangu siku ile hakuna nyayo zilizoonekana tena kwa Mzee Malima. Na kwangu hazijafika. Niliacha kazi, siku hizi nauza vipuri vya pikipiki Mkuyuni. Lakini kila alfajiri, kabla watoto wangu hawajaamka, natoka na tochi kukagua mchanga chini ya madirisha. Miaka miwili sasa, na sijakuta kitu. Mzee Malima nikikutana naye namwamkia, na ananiitikia marahaba kwa adabu. Hajawahi tena kuniita mwalimu.

Wewe unayepanga kwenda kuona misitu na wanyama wetu, nenda, ni vizuri mno. Ukirudi umeona nyayo tu, shukuru, usimlaumu mtu. Ila ukimwona mnyama wa porini amesimama karibu nawe, anakutazama, hakimbii, weka simu chini kwanza. Muulize anayekuongoza ni kitu gani kimemzuia asikimbie. Na umtazame usoni wakati anakujibu.