Likizo ya Émile Katika Nchi ya Norwe

Kwa miaka ishirini na sita Émile aliwaongoza wageni kwenye maporomoko ya Wagenia, pale Kisangani. Aliwavusha kwa pirogi, mtumbwi wake wa gogo, hadi kwenye mawe, akawaonyesha magogo yaliyosimikwa katikati ya mkondo na mitego mikubwa inayoning'inia humo, akawaeleza jinsi babu zake walivyovua. Wageni walipiga picha, wakaenda zao. Ni mzee mmoja wa Norwe na mkewe tu, walimu waliostaafu, walioendelea kumwandikia. Siku moja, walisema, utakuja likizo kwetu, nasi tukuonyeshe milima na maji yetu.

Mwaliko rasmi ulifika mwaka uleule ukungu ulipoanza kuingia machoni mwake. Vile vijidudu vyeusi vinavyozaliana kwenye maji ya kasi vilikuwa vimemuuma tangu utotoni, vikimwachia mwilini minyoo inayopofusha. Daktari alimmulika, kisha akazima tochi.

"Papa Émile, dawa itaua tu minyoo. Macho yenye ilishaharibika haitarudi."

"Bon. Inabakia miezi ngapi?"

"Sijui, papa. Si mingi."

Basi Émile akaanza kuikimbilia viza. Mara mbili alikwenda Kinshasa, mara mbili akanyimwa, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba angerudi kwake. Mara ya tatu walimkubalia. Ulikuwa umepita mwaka na nusu, na jicho la kulia lilikuwa giza tupu.

"Waambie wenyeji wako kweli, papa Glodie," mkewe Célestine alimsihi, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Nikiwaambia, watasema nibakie. La kushoto lingali linaona."

Halikuwa likiona. Lilibagua mchana na usiku, basi.

Kule Norwe, kwenye uwanja wa ndege, alimshika mzee mkono, akasema safari imemchosha. Kesho yake wakamchukua kwa gari mwendo wa saa nne. Bibi alisifia kila kona: theluji juu ya vilele, ingawa ilikuwa Juni, bahari iliyojipenyeza kati ya majabali, nyumba nyekundu ndogo kama punje. Émile aliitikia, "Ndiyo, mama, ni nzuri sana." Walipofika kwenye maporomoko alisikia maji yakianguka kutoka juu mno, na mwangwi na manyunyu ya baridi vikamzunguka pande zote. Mzee akamwomba asimame, ampige picha akiyatazama.

Émile akasimama wima, akainua kidevu, akatabasamu.

Mzee akaishusha kamera. Kisha bibi akamwendea, akamshika mabega, akamgeuza taratibu upande wa pili, kwenye maporomoko. Baadaye akaanza kumweleza, polepole, jinsi maji yalivyokuwa meupe na jinsi mwamba ulivyokuwa mweusi, hadi Kifaransa alichokijua kikamwishia.

"Asante, mama," Émile alisema. "Inatosha."

Zilibaki siku tisa, na wenyeji wake hawakujua tena wampeleke wapi. Walikuwa wakipika, wakimkatia nyama kama mtoto, wakinong'onezana kwa lugha yao. Jua la huko halikutua. Alilala na mwanga ukimbana kwenye kope saa zote, akaona aibu kuuliza kama ni asubuhi.

Aliporudi Kisangani, majirani walijaa uani wakitaka habari. Akawasimulia theluji na vilele vizuri, neno kwa neno alivyoambiwa. Walipoondoka, Célestine akakaa karibu naye.

"Maporomoko yao ni makubwa kupita yetu?"

"Sijui, mama Glodie. Sikuonaka kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Walinisikitikia tu."

Célestine alimshika goti, naye Émile akauondoa mkono wa mkewe, bila hasira.

Mwezi uliofuata Émile aliomba wahamie kwa shemeji yake, kwenye barabara ya Banalia, mahali ambapo mngurumo wa mto hausikiki. Célestine hakubisha. Alifunga vyombo, akawagawia ndugu nyavu na pirogi. Wako huko hadi leo. Asubuhi Célestine humtolea kiti nje, na jua likizidi humwingiza ndani.